Niko fildi kliniki ya methadoni, mbali na kwetu, mteja niliyemsaidia amerudia unga: niache nirudi nyumbani?

"Shikamoo dokta. Mimi ni binti wa miaka 23, nasoma ustawi wa jamii mwaka wa pili, kwetu ni Bukoba vijijini. Chuo kimenipangia fildi ya wiki 10 Dar kwenye kliniki ya methadoni, ile dawa wanayokunywa kila siku waraibu wa unga (heroini) ili waachane nao, sasa niko wiki ya 5. Sina ndugu huku, nimepanga chumba Mbagala na msichana mwingine. Kuna mteja mmoja, kaka wa kama miaka 30, alinizoea sana, ananiita sister, anasema pale wote wanamdharau isipokuwa mimi. Nilimpa elfu kumi ya nauli mara mbili, sijamwambia mtu. Wiki iliyopita akapotea siku nne, alivyorudi wakampunguzia dozi, akanililia nimsemee, nikaenda dirishani wanapotolea dawa kuomba apewe dozi yake ya kawaida, nesi wa pale, tunamwita sister, akanifokea mbele ya foleni nzima. Juzi nimesikia ameonekana maskani, kijiweni kwa wavuta unga, anavuta tena. Najiona mimi ndo nimesababisha. Usiku silali, nalia tu, mwenzangu wa chumba alinipa valiamu nimekunywa kama mara tatu ndo nikapata usingizi. Mama anapiga kila siku anasema niachane na mateja, unga utanivuta na mimi, na baba mdogo anasema methadoni yenyewe ni unga wa serikali tu. Nimechoka. Je niache fildi?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza mimi sio dokta, ni mnasihi tu niliyezeekea kwenye kazi hii, na wanafunzi wa fildi wamepita mikononi mwangu wengi, kwahiyo barua yako nimeisoma huku natikisa kichwa, ni kama ya mwanafunzi wangu wa mwaka juzi na ya yule wa mwaka uliotangulia. Umeuliza uache au usiache. Ila mistari mingi umempa huyo kaka, kwahiyo nadhani kinachokukosesha usingizi ni kutaka kujua kama wewe ndo umemuangusha, na hilo ntalijibu kwa urefu. Ila kabla sijafika kwake, niruhusu nianze na kitu ulichokitaja kwa haraka kama vile hakina uzito, hizo valiamu.

Valiamu inaongezea nguvu ile breki ya asili ya ubongo, ndo maana ukinywa unatulia na unalala. Shida ni ukiinywa kila usiku kwa wiki kadhaa. Ubongo unaona breki inaletwa kutoka nje basi unalegeza ya kwake, siku ukikosa kidonge usingizi unakuwa mgumu kuliko ulivyokuwa mwanzo, moyo unaenda mbio, unatetemeka, alafu unajiambia kumbe kweli nazihitaji. Mara tatu hujafika huko, kwahiyo acha tu leo, huna haja ya kupunguza kidogo kidogo. Angekuwa mtu ameinywa kila siku kwa mwezi na zaidi nisingemwambia aache ghafla, maana kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege, huyo anaenda kwa daktari apangiwe ratiba ya kushuka. Mwenzako wa chumba usimchukie, alikuonea huruma, ila muulize kwa upole yeye anazipata wapi na anakunywa mara ngapi kwa wiki. Nina wasiwasi naye kuliko nilivyo nao kwako.

Haya, twende dirishani sasa.

Wewe uliona hivi: kaka kakosa siku nne, karudi, kaadhibiwa. Karibu kila mwanafunzi anaona hivyo, na wateja wenyewe ndo wanavyosema, "wamenikata dozi", utadhani mshahara. Sio adhabu. Mtu aliyezoea kunywa tuseme miligramu 100 kila siku, kwake hiyo ni dozi ya kuamka akapige zege. Mimi au wewe tukinywa hiyo hiyo tunaweza tusiamke tena. Kinachotutofautisha na yeye ni mazoea ya mwili tu basi, na mazoea hayo yanashuka haraka mtu akikaa bila dawa. Ndo maana akikosa siku moja au mbili kwa kawaida dozi haiguswi, akikosa tatu au nne inapunguzwa, zikifika tano na kuendelea kliniki nyingi zinamuanzisha upya kule chini kabisa, kwenye miligramu 20 au 30, alafu anapanda taratibu. Hesabu zenyewe zinatofautiana kidogo kutokana na mwongozo wa kliniki, muulize supavaiza wako akuonyeshe wa kwenu uusome, utakusaidia kuliko hata hii barua yangu.

Alafu methadoni ina tabia ya kujikusanya. Ukinywa leo, kesho muda kama huu sehemu kubwa bado imo mwilini, unaongeza ya kesho juu ya ya leo, ya keshokutwa juu ya zote mbili, inachukua siku kama tano hivi mpaka kiwango kitulie. Kwahiyo mtu anaweza kunywa dozi kubwa siku ya kwanza akawa mzima anacheka na watu, siku ya pili akasinzia kidogo, usiku wa tatu akalala akikoroma kwa sauti ya ajabu na pumzi ikapungua mpaka ikakata, mke wake kalala pembeni anajua mume leo kachoka. Ukichanganya na pombe au hizo hizo valiamu inakuwa rahisi zaidi kutokea, maana zote zinakandamiza pumzi. Sasa mdogo wangu ulivyokwenda dirishani kumuombea dozi yake ya zamani ulikuwa unamuombea, bila kujua, kitu ambacho kingeweza kumuua usingizini. Sister kukufokea mbele ya foleni alikosea, angekuvuta pembeni akakueleza, na una haki ya kuumia. Ila kwa alichokikataa alikuwa sahihi asilimia mia.

Na upande wa pili nao ujue, usije ukatoka hapa ukidhani kila anayelalamika dozi ni muongo. Kuna mteja anakwambia "sister hii dawa hainishiki, usiku arosto inanikamata", yaani yale mateso ya mwili kukosa dawa, na anasema kweli tupu. Muulize ameanza dawa gani mpya. Dawa ya TB inayoitwa rifampisini, ile inayofanya mkojo uwe wa rangi ya chungwa, inafanya ini lichome methadoni kwa kasi, mtu aliyekuwa ametulia miezi sita anaanza kutoa machozi na makamasi na kupiga miayo ndani ya wiki moja au mbili tangu aanze dozi ya TB. Baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI nazo ndo hivyo hivyo, na za kifafa zipo. Huyo asiposikilizwa atarudi maskani, na atakuwa amefukuzwa na sisi. Kazi yako kama mwanafunzi unaandika alichosema, unaandika ulichokiona kwa macho yako, mboni, jasho, miayo, unampelekea daktari. Humuombei dozi, unampelekea daktari taarifa. Ukilishika hilo utaishi salama kwenye hizi wiki zilizobaki.

Baba mdogo na "unga wa serikali". Hili neno nalisikia mpaka kwenye daladala na nalielewa linatoka wapi, maana kwa nje mtu anaona huyu alikuwa anakunywa kitu kila siku na sasa anakunywa kitu kila siku, tofauti ni foleni tu. Ila angalia saa. Unga ni moto wa makuti, unawaka ghafla, unapanda juu, baada ya saa nne mpaka sita umekwisha na majivu yake ndo arosto, mifupa inauma, tumbo linaendesha, vinyweleo vimesimama, mtu anatoka mbio kutafuta kete nyingine, na akiipata leo saa mbili asubuhi ataitafuta tena saa nane na tena usiku, kila siku, miaka kumi. Hana muda wa kuwa baba, hana muda wa kuwa fundi. Methadoni ni mkaa. Unakolea taratibu, hauna ule mlipuko, unakaa saa 24 na zaidi, na mtu akishafika dozi yake inayomtosha hata akivuta unga juu yake hausikii kama zamani maana pale unapokwenda kukaa kwenye ubongo pameshakaliwa. Anabaki na siku nzima mkononi. Na ukweli mwingine ambao baba mdogo haambiwi, kwa sababu mtu anakuja kila siku kwenye dirisha lile lile, ndo inakuwa rahisi kumpa na ARV na dawa za TB akazimeza mbele yako, mtu ambaye zamani hospitali alikuwa anaionea kwa mbali.

Tiba hii haikuzuka jana wala haikuzuliwa Dar. Madaktari wa New York, Vincent Dole na Marie Nyswander, ndo walioanza kuwapa waraibu wa heroini methadoni miaka ya 1960, Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005, Muhimbili wakafungua kliniki Februari 2011, Mwananyamala na Temeke zikafuata, Zanzibar wakaja, Kenya wakaanza pale hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014. Sasa je ina mabaya? Ina. Mwili unaizoea, mtu akiiacha ghafla anapata arosto ndefu kuliko ya unga wenyewe, choo kinakuwa kigumu, jasho, wengine mapigo ya moyo lazima yaangaliwe, na kufunga safari kila asubuhi miaka kwa miaka sio mchezo kwa mtu wa kibarua. Haya yote mwambie baba mdogo, usifiche hata moja. Alafu muulize kati ya jirani anayekunywa kikombe kimoja saa tatu asubuhi akaenda kazini na yule aliyekwangua bati la nyumba ya mama yake akauza, yeye angemtaka yupi.

Kwa huyo kaka sasa.

Wewe hukumrudisha kwenye unga. Nakwambia hivyo na sio kukubembeleza. Ubongo wa mtu aliyetumia miaka unakuwa umejichora ramani: njia ya kwenda maskani, sura ya rafiki fulani, harufu ya kiberiti na karatasi ya foili, ugomvi na mkewe, hata ijumaa ya malipo. Akikutana na kimojawapo ubongo unaanza kudai kabla yeye mwenyewe hajaamua lolote, mate yanajaa mdomoni kama mtu aliyesikia nyama inakaangwa. Methadoni inaondoa arosto, ramani haiifuti, hiyo inafifia kwa miezi na miaka na maisha mapya yaliyojazwa juu yake. Ndo maana kuteleza ni kawaida katika ugonjwa huu, kama sukari kupanda kwa mgonjwa wa kisukari aliyekula vibaya sikukuu, hatumfukuzi kliniki, tunamuuliza nini kimetokea. Na hata hujui zile siku nne zilikuwa za nini. Anaweza kuwa alikamatwa akalala selo. Anaweza kuwa aliugua. Wengine wanateleza mara moja, wanaona aibu kurudi, aibu ndo inayofanya siku moja iwe nne. Hakuna aliyemuuliza, au kama wamemuuliza wewe hukuambiwa.

Ila hela. Hapo sitakudanganya. Elfu kumi zako hazikumuangusha lakini hazikumsaidia, maana kwenye ile ramani fedha taslimu mkononi ni moja ya alama zake kubwa kabisa, mtu mwenye elfu kumi mfukoni na saa mbili za bure Dar hii anapigana vita ambayo asiye na kitu haipigani. Na shida ya nauli sio uongo, wateja wengi wanapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi kila siku, ni sababu ya kweli ya watu kukosa dozi, kwahiyo moyo wako ulikuwa umeona kitu kilichopo. Kosa ni kukibeba peke yako. Waelimisha rika pale kwenu, wale waliowahi kutumia wakaacha, wanajua nani anakaa karibu na nani, nani anaweza kutembea na nani, kuna dereva gani anawafahamu, wanajua hata nani anadai nauli na anakaa mtaa wa pili. Wewe wa wiki ya tano kutoka Bukoba utajuaje?

Na hili la "wewe tu ndo unanielewa". Ntasema taratibu maana ukilielewa vibaya utaanza kuwaona wateja wote matapeli na hapo utakuwa umeharibika kazi. Mtu aliyeishi kwenye unga miaka kumi ameishi kwa kushawishi watu. Kila saa tano alihitaji mtu mmoja ampe kitu, mama, dada, mzungu pale Posta, mpita njia. Amejifunza kumsoma mtu usoni ndani ya dakika moja, nani ana huruma, nani mgeni, nani ana upweke. Ujuzi huo hautoki siku anapokunywa kikombe cha kwanza cha methadoni. Alivyokutazama aliona binti mgeni asiye na ndugu mjini anayetamani kuambiwa anafaa, na kweli ndivyo ulivyokuwa, au nimekosea? Kwahiyo anaweza kuwa anakupenda kama dada yake kabisa na wakati huo huo anakutumia, yote mawili kwa pamoja, na wala hajakaa chini akapanga. Dalili ya kuiangalia ni pale anapokuweka wewe upande mmoja na timu nzima upande wa pili. Ukiona umeanza kuwachukia wenzako kazini kwa niaba ya mteja mmoja, simama.

Nikuchekeshe kidogo. Mimi fildi yangu niliifanya mbali na kwetu vile vile, kituo sikitaji, na wiki ya tatu tu nikamuazima mteja simu apige kwao, ile Nokia ya tochi. Akasogea pembeni "mtandao unasumbua hapa", ndo ikawa kwaheri. Siku ya nne nikaikuta kwa fundi simu imewekwa mezani inauzwa, nikainunua mwenyewe simu yangu mwenyewe nikarudi nayo kimya. Supavaiza nikamwambia nilikuwa nimeisahau kwenye daladala. Wiki tatu nikawa namkwepa yule mteja, namkwepa supavaiza, logibuku naandika uongo, usingizi sina. Nilivyokuja kusema mzee akacheka mpaka akavua miwani, akasema yeye ilikuwa baiskeli.

Naielezea kwa sababu nadhani ugonjwa wako mkubwa hapo ni siri, wala sio kazi. Angalia ulichoandika, "sijamwambia mtu". Nyumba yenye mraibu inaendeshwa kwa siri, mama anajua kitu ambacho baba hajui, dada kalipa deni bila kaka kujua, kila mmoja amebanwa na kasiri kake na mraibu ndo anashika funguo za wote. Sasa huyo kaka anajua jambo kuhusu wewe ambalo supavaiza wako halijui. Siku akitaka elfu hamsini atakuja nalo, au hata asipokuja nalo wewe utakuwa unaogopa kwamba atakuja nalo, na ukishamuogopa mteja huwezi kumsaidia tena. Kinachokuliza usiku sehemu yake kubwa ni hicho.

Kwahiyo sema. Jumatatu asubuhi kabla foleni haijaanza muombe supavaiza wako dakika kumi, mlango ufungwe, umwambie kama ulivyoniambia mimi: nilitoa hela mara mbili, kiasi hiki, mteja fulani, nilienda dirishani bila kuelewa, naomba unielekeze, na usiku silali. Usizunguke na usilie kwanza ndo uanze kueleza, eleza kwanza, ukilia baadaye sawa. Atakugombeza? Inawezekana. Anaweza kukuandikia kwenye fomu ya chuo, sikatai, na alama kidogo zikapungua. Ila supavaiza yeyote aliyekaa kwenye uraibu ameshaona hili mara ishirini, na atakachofanya wengi wetu ndo tunafanya, atamuhamishia huyo mteja kwa mnasihi mwingine na wewe atakupunguzia kukaa na watu peke yako kwa wiki moja mbili. Ukubali. Kama supavaiza ndo wa kukufokea kama sister, nenda kwa afisa ustawi mwingine wa hapo hapo au mpigie mwalimu wako wa chuo anayesimamia fildi, wanakuja kukagua kwahiyo namba unayo.

Na ukikutana na kaka mwenyewe, akirudi, na naomba Mungu arudi, usimkimbie na usimuombe msamaha wa nusu saa. "Kaka karibu, nimefurahi umekuja. Ile hela nilikosea kukupa, sitatoa tena, sio kwako tu, kwa yeyote. Nauli ikiwa shida twende wote kwa muelimisha rika sasaivi tukaongee." Basi. Atanuna. Anaweza kukwambia na wewe umekuwa kama wao. Vumilia. Namba yako ya simu kama anayo, anza kutopokea na umwambie kwanini. Kitu kingine, akirudi baada ya kuvuta yuko kwenye hatari zaidi kuliko alivyokuwa, mazoea yameshuka na anaweza kupiga kiasi chake cha zamani, kwahiyo ukimuona au ukimuona yeyote pale kliniki au nje amelala haamshiki, mboni ndogo kama ncha ya kalamu, midomo inabadilika rangi, pumzi za mbali mbali, piga kelele watu waje, mlazeni ubavu, naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha unga au methadoni, ipo chumba cha dharura. Na akizinduka asiruhusiwe kuondoka, naloksoni inaisha ndani ya saa moja na ushee, methadoni iko pale pale inamsubiri.

Sasa swali lenyewe, uache? Kukaa kimya ukaendelea kama ulivyo, hapana, hiyo ndo mbaya kuliko zote, bora hata uondoke. Kuondoka leo kuna gharama unazijua, kurudia fildi mwakani, nauli ya Bukoba, mwaka umesogea, na nahofia utaondoka na imani kwamba ulimuua mtu kimaisha, imani ya uongo itakayokufuata mpaka kazini. Kusema alafu ukaendelea kwa wiki mbili ukajiangalia, hiyo ndo ningekushauri kama ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja. Ukiona wiki mbili zimepita umesema kila kitu, umepunguziwa mzigo, na bado hali ni ile ile, omba chuo kikuhamishe, ustawi wa jamii ni mpana, kuna watoto, kuna wazee, kuna mahakama, sio lazima kila mtu aweze uraibu. Na kuna mambo ambayo ningekwambia funga begi leo leo bila kusubiri wiki mbili: ukiambiwa umpimie mteja dawa wewe mwenyewe wakati sio kazi yako, mfanyakazi au mteja akikushika au kukutaka kimapenzi na ukisema hausikilizwi, au kama ungekuwa umepelekwa kwenye nyumba ambayo watu wanafungwa minyororo wakaiita tiba. Kwenye barua yako sijaona hata moja.

Mama yako. Unga hauambukizi kwa kukaa na watu, methadoni anayokunywa mteja kwenye kikombe haikurukii. Lakini usimcheke, maana ukiangalia vizuri kuna pahala amegusa: wahudumu wanaoingia kwenye uraibu kwa kawaida wanaingia kwa mlango wa uchovu, bia mbili ili nisahau, kidonge nilale, na wewe mlango huo umeshaushika kitasa mara tatu. Mueleze kazi bila kutaja majina wala hadithi za wateja, hata ukiwa na hamu, ni siri zao. Na muombe simu iwe jioni moja ndiyo moja hapana, saa inayojulikana, maana simu ya kila siku ya "rudi nyumbani" inakubomoa bila yeye kukusudia. Upweke wenyewe ni wa kawaida, mtu kutoka kwenye baridi ya Bukoba na ndizi za mama akatupwa Mbagala kwenye joto la usiku lazima alie, tafuta kanisa au msikiti au hata kikundi cha Wahaya wa mtaani, wapo kila mahali mjini na wanajulikana kwa sauti zao. Muulize pia supavaiza kama umepata chanjo ya homa ya ini B, na ukichomwa na sindano popote pale, osha kwa maji na sabuni, usifinye, ripoti saa hiyo hiyo, dawa za kinga ya virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72 na mapema zaidi ndo bora, unameza siku 28.

Usingizi bila vidonge utachukua siku kadhaa kurudi. Lala na kuamka saa ile ile, chai na kahawa ziishie saa nane mchana, ukitoka kliniki usiende kitandani moja kwa moja, tembea hata nusu saa. Ukishasema kwa supavaiza nadhani usiku wa kwanza tu utaona tofauti. Ila usisubiri ushauri wangu mwingine kama kulia kunaendelea zaidi ya wiki mbili, chakula hakipiti, unaota au unaona mambo ya wateja ukiwa macho, umeanza kuogopa hata kufika getini, hapo nenda kliniki ya afya ya akili, hospitali za rufaa za Dar zote zina watu hao na wewe unafanya kazi ndani ya hospitali, ni kuvuka korido tu, au mtafute mshauri wa wanafunzi wa chuo. Na likija hata mara moja wazo la kujidhuru au kwamba bora usiwepo, usiku huo huo mwamshe mwenzako wa chumba, mwende dharura wote wawili, hata kama ni saa tisa usiku.

Niandikie baada ya hiyo Jumatatu uniambie supavaiza amesemaje. Na valiamu zilizobaki mrudishie mwenye nazo leo, kabla giza halijaingia.